Kadi ndogo, tarakilishi kongwe: Kwa nini majaribio ni sharti kabla ya kuiamini adapta

TARAKILISHI nyingi zilizoundwa katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini zingali zinafanya kazi hadi leo, ingawa diski zilizouzwa pamoja nazo zilikwisha kufa zamani.

Zinaendelea kuishi kwa sababu wapenzi wa mitambo hiyo barani Ulaya, Marekani na kwingineko wameziondoa diski zilizochakaa na mahali pake wakaweka kadi ndogo za kumbukumbu, za aina ile ile inayotumika katika kamera na simu za mkono.

Kiungo kati ya kadi ya kisasa na mtambo wa kale ni adapta, yaani kibao chembamba chenye soketi ya kadi upande mmoja na soketi ya tarakilishi upande wa pili. Bei yake ni nafuu na kazi ya kuipachika huchukua dakika chache. Aghalabu tarakilishi huwaka na kufungua faili mara ya kwanza inapojaribiwa.

Hapo ndipo hatari huanzia. Mtumiaji akiona picha kwenye kioo, huamini kuwa kazi imekwisha, akaitupa diski ya zamani na kuhamishia kila kitu kwenye kadi. Miezi kadhaa baadaye hugundua kwamba faili kubwa zina makosa, au kwamba nusu ya kadi ilikuwa hewa tupu.

Ndiyo maana mafundi wenye tajriba husisitiza kuwa kadi kusomeka ni jambo moja, na kadi kuaminika ni jambo jingine. Tofauti baina ya mambo hayo mawili hubainishwa na majaribio pekee.

Hazina iliyomo ndani ya diski za zamani

Huenda msomaji akajiuliza kuna haja gani ya kuhangaikia mitambo ambayo uwezo wake ni mdogo kuliko wa simu ya bei ya chini kabisa. Jibu limo katika yale yaliyohifadhiwa ndani yake, ambayo mara nyingi hayana nakala nyingine popote.

Mwaka 2012, Jordan Mechner, mwandishi wa mchezo wa tarakilishi uitwao Prince of Persia uliotolewa mwaka 1989, alipata tena maandishi asilia ya programu hiyo. Yalikuwa katika disketi zilizosahaulika ndani ya sanduku, na zikagunduliwa na babake. Ilibidi waje watu wenye mitambo ya Apple II iliyokuwa ingali hai ndipo disketi hizo zikasomeka.

Mwaka 2014, Makavazi ya Andy Warhol yaliyoko Pittsburgh, Marekani, yalitangaza kuwa picha ambazo msanii huyo alizichora mwaka 1985 kwa tarakilishi aina ya Amiga zilikuwa zimepatikana kutoka kwenye disketi zake. Kazi hiyo ilifanywa kwa usaidizi wa klabu ya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Si sanaa na michezo pekee inayohusika. Mwaka 2015 ilibainika kuwa Amiga moja iliyonunuliwa katika miaka ya themanini ilikuwa ingali inaongoza mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa katika shule 19 za Grand Rapids, jimboni Michigan.

Jeshi la anga la Marekani nalo liliendelea kutumia disketi za inchi nane katika mfumo wa kupitishia amri za silaha za nyuklia, hadi zilipobadilishwa mwaka 2019.

Wakati huo huo, vifaa vya kuhifadhia vya enzi hiyo havitengenezwi tena. Kampuni ya Sony, iliyobuni disketi ya inchi tatu na nusu, ilikoma kuziuza nchini Japani mwaka 2011. Diski kuu za wakati huo, ambazo ni sahani za chuma zinazozunguka kwa kasi ndani ya kasha, hufa mmoja mmoja kadiri mota na vichwa vyake vya kusomea vinavyochoka.

Kwa hivyo mwenye mtambo wa kale hana budi kutafuta mbadala. Kadi ya kumbukumbu ina sifa zote zinazotamanika: haina sehemu inayozunguka, haipigi kelele, haitumii umeme mwingi, na inaweza kuchomolewa ikasomwa katika tarakilishi ya kisasa.

Adapta si za aina moja

Kabla ya kuelewa jinsi majaribio yanavyofanywa, ni muhimu kufahamu kwamba adapta hutofautiana kulingana na lugha ambayo kadi na tarakilishi huzungumza.

Aina ya kwanza, na iliyo rahisi zaidi, ni ya kadi za CompactFlash. Kadi hizi zilizinduliwa na kampuni ya SanDisk mwaka 1994, na zilibuniwa zikiwa na uwezo wa kuelewa amri za IDE, ambayo ndiyo lugha ya diski kuu nyingi za miaka ya tisini.

Kwa sababu hiyo, adapta yake haihitaji akili yoyote. Kazi yake ni kuunganisha pini 50 za kadi na pini 40 au 44 za kebo ya tarakilishi. Ndiyo inayopendwa na wenye Amiga 600 na Amiga 1200, mitambo ambayo kampuni ya Commodore iliiuza kuanzia mwaka 1992, na pia na wenye tarakilishi za kale zinazotumia MS-DOS.

Aina ya pili ni ya kadi za SD, zilizotangazwa mwaka 1999 na kampuni za Matsushita, SanDisk na Toshiba. Kadi hizi hazielewi IDE hata kidogo. Kwa hivyo lazima adapta yake iwe na chipu inayofanya kazi ya mkalimani, ikipokea amri kwa lugha moja na kuzipeleka kwa lugha nyingine. Mkalimani akikosea, data hukosewa vilevile.

Aina ya tatu huenda mbali zaidi, kwani huiga kifaa kizima. Kifaa kinachoitwa SD2IEC, kwa mfano, hujifanya kuwa kisomaji cha disketi aina ya 1541, kilichotumiwa na Commodore 64 tangu mwaka 1982. Kingine kiitwacho Gotek huchukua nafasi ya kisomaji cha disketi za inchi tatu na nusu, na huhifadhi nakala za disketi nyingi katika kijiti kimoja cha kumbukumbu.

Kila aina ina udhaifu wake. Kwa hivyo jaribio linalotosha kwa moja huenda lisifichue kasoro ya nyingine.

Hatua ya kwanza: Kuipima kadi yenyewe

Fundi makini haanzii kwenye tarakilishi ya kale. Huanza kwa kuichunguza kadi katika tarakilishi ya kisasa, kwa sababu sokoni mna kadi ghushi zinazodai kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo.

Ulaghai huo hufanywa ndani ya chipu inayoidhibiti kadi. Chipu hupangwa ili itangaze, tuseme, gigabaiti 32 ilhali kumbukumbu iliyomo ni ya gigabaiti nne. Tarakilishi huamini tangazo hilo. Faili za kwanza huandikwa na kusomeka vizuri, lakini nafasi halisi ikijaa, data inayofuata hutupwa au huandikwa juu ya ile ya awali.

Jambo la kusikitisha ni kuwa hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotolewa. Majina ya faili huonekana kwenye orodha, na ukubwa wake huonyeshwa ipasavyo, ila ndani mwake hamna kitu.

Dawa yake ni kuijaza kadi yote kwa data inayojulikana, kisha kuisoma upya kutoka mwanzo hadi mwisho na kulinganisha. Programu ya H2testw, iliyotoka katika jarida la Ujerumani liitwalo c't, hufanya hivyo katika Windows. Ile ya F3 hufanya kazi kama hiyo katika Linux.

Siri ya programu hizo ni kwamba kila sehemu ya kadi huandikiwa data yake ya kipekee. Kama programu ingeandika data ile ile kila mahali, kadi ghushi ingeweza kuipita, kwani sehemu moja ingesomwa mara nyingi na kuonekana sawa. Data ikiwa tofauti kila mahali, sehemu iliyofutwa hujitokeza papo hapo.

Jaribio hili lina manufaa hata kwa asiyemiliki tarakilishi ya kale. Yeyote anayenunua kadi ya simu au ya kamera anaweza kulitumia kabla ya kuitia kadi hiyo picha za arusi au kumbukumbu za marehemu. Nchini Kenya, kutengeneza au kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2008, ila sheria haiwezi kurudisha picha zilizopotea.

Hatua ya pili: Umeme na pini

Kadi ikishafaulu, adapta huchunguzwa ingali nje ya tarakilishi. Swali kuu hapa ni la umeme.

Mitambo mingi ya miaka ya themanini hutumia ishara za volti tano. Kadi ya CompactFlash ilibuniwa kustahimili volti tano au volti 3.3. Kadi ya SD, kwa upande wake, hufanya kazi kwa takriban volti 3.3 pekee. Adapta ya SD inayopeleka ishara za volti tano moja kwa moja kwenye kadi inaweza kuiunguza, au ikaiacha ikifanya kazi kwa kusuasua.

Kwa hivyo adapta nzuri ya SD huwa na sehemu ya kushusha volti za umeme wenyewe, na pia ya kushusha volti za ishara zinazoingia kwenye kadi. Mita ya kawaida ya kupimia umeme yatosha kuhakikisha kuwa pini ya umeme ya soketi ya kadi haipati zaidi ya inavyostahili, kadi ikiwa bado haijaingizwa.

Jambo la pili ni namna ya kuchomeka kebo. Kebo ya pini 44 hubeba data na umeme kwa pamoja. Ikipachikwa kinyume au ikisogea kwa safu moja ya pini, umeme unaweza kuelekezwa mahali pasipostahili, na hasara yake ikawa kubwa kuliko kadi yenyewe. Upande wa pini nambari moja huonyeshwa kwa mstari wa rangi kwenye kebo, na kwa alama kwenye ubao.

Kuna pia adapta za bei ya chini ambazo zimeacha kuunganisha nyaya zinazohitajika kwa njia ya haraka ya kuhamisha data iitwayo DMA. Kadi hutangaza kuwa inaiweza njia hiyo, tarakilishi huijaribu, na ghafla mashine hukwama. Mara nyingi fundi huilaumu kadi, ilhali kosa ni la waya uliokosekana. Dawa ni kuizima njia hiyo katika mpangilio wa tarakilishi, au kununua adapta iliyokamilika.

Hatua ya tatu: Mipaka ambayo tarakilishi haiitangazi

Tarakilishi ya kale iliundwa wakati ambapo hakuna aliyefikiria gigabaiti. Programu zake za msingi zina mipaka, na mtu akiivuka, matokeo huwa ya kushangaza.

Mfano mashuhuri ni wa tarakilishi za MS-DOS za mwanzoni mwa miaka ya tisini. Programu yake ya kudumu iliihesabu diski kwa silinda, vichwa na sekta. Upeo uliowezekana ulikuwa silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, kila sekta ikiwa na baiti 512. Ukizidisha nambari hizo unapata baiti 528,482,304, na tarakilishi ya aina hiyo haioni zaidi ya hapo hata ikipewa kadi kubwa kiasi gani.

Mpaka huo una afadhali, kwa sababu kinachotokea ni nafasi kutoonekana. Mpaka wa Amiga una madhara zaidi.

Programu ya awali ya Amiga 1200 hutaja mahali kwenye diski kwa nambari ya biti 32, ambayo haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,296, yaani gigabaiti nne. Mtumiaji akiandika faili baada ya mpaka huo, hesabu huanza upya kutoka sufuri, na data mpya huandikwa juu ya mwanzo wa diski, mahali ambapo orodha ya faili na mfumo wenyewe umehifadhiwa.

Mtu huyo anaweza kuitumia kadi ya gigabaiti 16 kwa mwaka mzima bila tatizo, maadamu hajafika kwenye gigabaiti ya tano. Siku atakapofika, mashine haitawaka tena.

Ndiyo maana jaribio la kweli hulenga mpaka wenyewe. Fundi hugawa kadi, hujaza sehemu zote hadi mwisho, kisha hurudi kukagua kama faili za mwanzo zingali salama. Asiyetaka usumbufu huo hutumia kadi ya gigabaiti nne au pungufu, ambayo hata hivyo ni kubwa mno kwa mahitaji ya Amiga ya kawaida.

Hatua ya nne: Faili ndogo hudanganya

Kasoro inayowahadaa wengi ni ile inayojificha kwa faili ndogo na kujitokeza kwa faili kubwa.

Amri moja ya IDE ya zama hizo haiwezi kuomba zaidi ya sekta 256 kwa mara moja. Katika Amiga, pana mpangilio unaoamua kiasi cha data kinachohamishwa kwa mkupuo mmoja, na wakati mwingine huachwa ukiwa juu ya upeo huo. Mpangilio ukiwa juu, baadhi ya kadi hurudisha data yenye makosa pasipo onyo.

Matokeo yake ni kwamba maandishi mafupi hufunguka vizuri, programu ndogo huendeshwa, na mtumiaji huridhika. Picha kubwa au muziki ndivyo huonyesha dosari, na kwa wakati huo huenda nakala asilia imekwisha kufutwa.

Suluhisho linajulikana miongoni mwa wapenzi wa Amiga: mpangilio huo hupunguzwa hadi baiti 130,560, yaani sekta 255. Lakini atakayejua kuwa anauhitaji ni yule aliyejaribu kwa faili kubwa.

Jaribio lenyewe si gumu. Faili ya megabaiti kadhaa hunakiliwa kutoka tarakilishi ya kisasa hadi kwenye kadi, ikanakiliwa tena ndani ya tarakilishi ya kale, kisha nakala hiyo ya pili ikarudishwa kwenye tarakilishi ya kisasa. Hapo hulinganishwa na ya asili, baiti kwa baiti, au kwa kutumia nambari ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Nambari zikitofautiana, pana kasoro mahali fulani, hata kama faili inaonekana nzima.

Kuitazama faili kwa macho hakutoshi. Picha inaweza kukosa baiti mia moja na jicho lisione.

Hatua ya tano: Kuzima na kuwasha

Tarakilishi inaposhinda imewaka mezani kwa fundi, huwa katika hali bora kuliko itakavyokuwa katika matumizi ya kawaida. Kwa hivyo hatua inayofuata ni kuizima kabisa, kuiacha ipoe, na kuiwasha tena mara kadhaa.

Baadhi ya kadi huchelewa kidogo kujiandaa baada ya kupata umeme. Tarakilishi ikiuliza swali lake la kwanza kabla kadi haijawa tayari, hudhani kuwa hakuna diski. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kuanzisha upya, kila kitu huenda sawa, kwani safari hii kadi imekwisha kuamka. Kasoro ya namna hii haionekani mpaka mashine iwashwe ikiwa baridi.

Kukatika kwa umeme nako kunahitaji uangalifu. Kumbukumbu ya kadi haiwezi kubadilisha baiti moja peke yake. Hufuta fungu zima na kuliandika upya, na chipu ya kadi huhamisha mafungu huku na huku ili yote yachakae kwa usawa. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, kinachoharibika huenda kikawa faili ambayo mtumiaji hakuigusa siku hiyo.

Aidha, mifumo mingi huweka data katika akiba ya muda kabla ya kuiandika. Mwandishi wa barua huona imehifadhiwa, ilhali ingali inangoja. Amiga iliyozimwa wakati wa kuandika huanza kuikagua diski upya inapowashwa, na kabla ukaguzi kukamilika hukataa kuandika chochote juu yake.

Jaribio linalofaa ni kuandika faili, kusubiri taa ya diski izime, kuongeza sekunde chache, kukata umeme, kisha kuwasha na kulinganisha. Jaribio la kukata umeme katikati ya kuandika lifanywe tu kwa kadi isiyo na kitu cha thamani.

Kasi si kipimo cha uaminifu

Wengi wanaojaribu adapta hukimbilia kupima kasi, pengine kwa sababu nambari za kasi hupendeza. Hata hivyo, katika mitambo ya kale kasi ya kadi haina uzito mkubwa.

Njia ya polepole zaidi ya IDE, ambayo ndiyo ya mitambo mingi ya mwanzo, haiwezi kupita megabaiti 3.3 kwa sekunde hata katika maandishi ya kiwango chake. Kadi inayojigamba kuwa na megabaiti 90 kwa sekunde haitaongeza chochote hapo. Nafuu inayohisiwa na mtumiaji hutokana na jambo jingine: kadi haina kichwa cha kusomea kinachosafiri kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine, kwa hivyo faili nyingi ndogo hufunguka bila kusubiri.

Kwa Commodore 64 hali ni ya kipekee. Njia yake ya kawaida ya kuwasiliana na kisomaji cha disketi hupitisha chini ya nusu kilobaiti kwa sekunde, na programu ya kilobaiti 40 huchukua yapata dakika mbili kuingia. Adapta ya SD ikitumia njia hiyo hiyo, mwendo hubaki kuwa ule ule wa kobe.

Waandishi wa michezo wa zamani walilikwepa tatizo hilo kwa ujanja. Kisomaji cha 1541 kina prosesa yake, ya jamii ya 6502, na kilobaiti mbili za kumbukumbu. Walituma programu ndogo ndani ya kisomaji hicho ili kibadili jinsi kinavyozungumza na tarakilishi.

SD2IEC haina prosesa ya aina hiyo na haiwezi kuendesha programu hizo. Inazitambua baadhi ya mbinu mashuhuri na kuziiga, lakini ikikutana na isiyoijua, mchezo hukwama. Vifaa vingine, kama vile Pi1541 na 1541 Ultimate, huiga prosesa yenyewe hatua kwa hatua, na kwa hivyo hukubali programu nyingi zaidi.

Kwa hiyo, anayeijaribu adapta ya aina hii hapaswi kutosheka na orodha ya faili kuonekana kwenye kioo. Ni lazima aendeshe programu za aina mbalimbali, hasa zile zinazoendelea kusoma diski baada ya kuanza.

Kumbukumbu za majaribio

Majaribio yasiyoandikwa husahaulika. Fundi mwangalifu huweka daftari lenye jina na ukubwa wa kadi, aina ya adapta, aina ya tarakilishi na toleo la programu yake ya kudumu, jinsi kadi ilivyogawanywa, na matokeo ya kila hatua.

Kanuni nyingine ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu akibadilisha kadi, kebo na mpangilio kwa pamoja na tatizo likatoweka, hatajua ni kipi kilichokuwa na kasoro, na litakaporudi atakuwa pale pale alipoanzia.

Ni muhimu pia kutambua kuwa matokeo ya mtu mmoja hayamfungi mwingine. Kadi mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha vipuri bila kubadilisha nembo. Kadi iliyomfaa mwenye Amiga jijini London huenda isimfae mwenziwe jijini Chicago.

Hata baada ya majaribio yote kufaulu, jambo moja hubaki. Kadi ya kumbukumbu huhifadhi data kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya chembe ndogo mno, na chaji hiyo huvuja polepole kadi ikikaa miaka mingi bila kutumiwa. Kadi ni chombo kizuri cha kufanyia kazi. Si mahali pa kuzika nakala ya pekee.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza kabisa baada ya kuokoa diski ya zamani ni kuchukua nakala yake kamili na kuiweka katika tarakilishi ya kisasa, pamoja na nakala nyingine mahali tofauti. Disketi au diski asilia nayo haitupwi, hata ikiwa imeanza kusumbua, kwani huenda kesho ikapatikana mbinu bora ya kuisoma.

Usione vyaelea, vimeundwa. Tarakilishi ya mwaka 1992 inayowaka leo na kufungua barua iliyoandikwa miaka thelathini iliyopita imefika hapo kwa sababu kuna mtu aliyeandika, akazima, akawasha, akasoma na kulinganisha, mara nyingi kuliko ilivyoonekana kuwa lazima.